Bustani Isiyo na Mboga

Kabla hakijaitwa bustani, kile kisiwa cha mawe pale ziwani, ukingoni mwa mji wa Singida, kilikuwa jiko letu. Kiangazi maji yakirudi nyuma tulivuka kwa miguu, mama mkwe wangu na mimi, tukakwangua chumvi ya mwaka mzima. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, na kazi hiyo niliipenda kuliko zote.

Mwaka ule Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akakitaka kwa ajili ya chai ya Jumapili. Wafungwa wakapaka mawe chokaa, wakapanda maua. Tulipofika na vikapu tukamkuta askari, kijana wa kwetu kabisa.

“Rudini! Hii bustani. Anapita mwenye kazi ya bustani tu!”

Mama mkwe akatua kikapu, akatazama maji kana kwamba hakuna aliyesema. Tulisimama hapo mpaka kijana akashusha sauti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Sasa sema.”

Akasema tena, kwa adabu safari hii.

“Bustani ya mboga gani?”

“Hakuna mboga, mama. Maua.”

“Yanaliwa?”

“Hayaliwi.”

“Basi bado haijawa bustani.”

Kesho yake tulirudi na majembe begani na mbegu za mlenda kwenye pindo la kanga. Askari akauliza twaenda wapi. “Kazi ya bustani,” nikajibu mimi, kwa sauti. Akajikuna shingo, akatupisha. Tukapanda mlenda katikati ya maua, na jioni vikapu vikatoka na chumvi chini, magugu juu. Ikawa ndiyo kazi yetu. Wafungwa walimwagilia vyote bila kubagua, na mlenda ukanawiri kwa maji ya serikali. Nilifurahi mno, sifichi.

Jumapili moja Bwana Shauri akauona. Akawa mwekundu, akatuita mbele ya wageni wake, akanyoosha fimbo.

“Ng’oa! Yote si ya bustani, ng’oa!”

Nilijua vizuri alichotaka. Nilijua pia kwamba chumvi ya kutosha ilikuwa imeshafika nyumbani, na kwamba baada ya siku ile tusingeruhusiwa kuvuka tena. Nikamtazama mama mkwe, naye akanipa jembe lake, lenye makali kuliko langu.

Nikaitika, “Ndiyo, Bwana,” nikaanza na maua.