Maboga ya Mke wa Askari

Jirani yangu hapa Mpwapwa, mke wa askari wa boma la Wadachi, ni mtu wa pwani aliyeanza kulima ukubwani, na majani ya maboga yake yanamtesa. Jua likifika utosini yanalegea, naye anatoka mbio, anayafunika kwa kanga juu ya vijiti, kisha anachuchumaa kuyapepea kwa ungo. "Mama Loisi, yanakufa!" ananiita kila adhuhuri kwa sauti ya msiba. Nami namjibu huku natwanga, "Yamelala tu, mwenzangu. Jua likishuka yataamka." Hanisikii. Jioni yanapoinuka anayagusa moja moja kwa vidole vyenye hina iliyofifia, anacheka peke yake.

Juzi mchana mumewe aliletwa kwa machela. Alikuwa akivuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, na jua likamwangusha njiani. Mwili mzima umelegea, macho yamefumba. Wanawake tulishika vichwa, na mimi nilikuwa wa kwanza kuangua kilio. Yeye hakulia. Aling'oa vijiti bustanini pamoja na kanga, akamsimikia mumewe kivuli, akamnywesha maji kidogo kidogo kwa kata, kisha akashika ungo. "Nyamaza, Mama Loisi," aliniambia bila kugeuka. "Jua likishuka ataamka." Maboga yaliungua mchana kutwa, hata hakuyatazama. Jioni, majani yalipoanza kuinuka, askari alifumbua macho akaomba uji. Mkewe alimgusa vidole, kimoja kimoja, akacheka. Safari hii sikumwacha acheke peke yake.