Alama za Kitindamimba

Mke wangu alikuwa mkata njia. Kazi yenyewe ni kuwatangulia wapima ardhi na panga, kufyeka ili wapate pa kupita. Watu walimwita Mama Panga. Kiwiliwili kidogo, lakini mkono! Hata mimi mumewe nilikuwa nasema naye kwa adabu.

Nyuma ya milima kuna msitu usiojulikana na mtu. Kwenye ramani ya wapimaji pale palikuwa peupe. Mto unaingia, unakotokea hakuna ajuaye. Mara ya kwanza walipoingia mke wangu alikuwa mgonjwa, akaenda badala yake mdogo wake, kitindamimba wao, kukata njia. Ukungu ukashuka. Kijana alikwenda kutafuta maji, hakurudi. Wenzake waliita mpaka sauti zikawakauka, wakatoka bila yeye.

Mama mkwe akakataa msiba. Ukimpa pole anakufukuza. "Pole ya nini? Nani kaiona maiti?" Akaacha kula. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Wapimaji walipojiandaa kuingia tena, mke wangu akaomba kazi.

Nikamwambia, "Mama watoto, unamfuata aliyekwisha."

"Mama anakwisha pia, baba watoto. Anataka jibu. Lolote."

Wapagazi wakamtania. "Mama Panga, huko hata jina hakuna. Ukifa tutasema umefia wapi?"

"Semeni nimefia kazini. Nyie mtafia mdomoni."

Sasa, mkata njia ana desturi yake. Akiupita mti hugeuka, akauchanja gome kwa nyuma, upande utakaouona wakati wa kurudi. Ukienda huoni kitu. Ukirudi, alama zinakutazama. Kuchanja kwa mbele, upande unaokukabili ukiwa unakwenda, ni kwa mtu aliyekwisha kushika njia ya nyumbani. Huchanja hivyo ili walio nyuma wamfuate.

Ng'ambo ya mto mke wangu akaona mti umechanjwa. Alama imeinama upande usio wa kawaida. Kitindamimba alikuwa na shoto. Akafurahi, akakimbilia wa pili, na wa tatu. Halafu akasimama. Zote zilikuwa kwa mbele.

Mdogo wake alidhani anarudi nyumbani. Ukungu ulikuwa umemgeuza. Kila hatua ilimwingiza ndani zaidi, naye anawachanjia wenzake miti waje nyuma yake.

Mkuu wa wapimaji akampa ruhusa azifuate, akaenda naye. Alama za kwanza zilikuwa usawa wa kifua. Zikashuka kiunoni. Zikawa hafifu, panga halina nguvu tena. Ya mwisho ilikuwa chini, usawa wa goti la mtu aliyesimama. Hapo alikuwa anatambaa.

Mbele yake korongo. Mawingu yamelijaza, maji yanasikika chini, hayaonekani. Hakuna kiatu, hakuna nguo. Mke wangu akaita mpaka mkuu akamshika bega.

"Mama, hapo hashuki mtu. Kamba zetu zote hazifiki."

"Nifunge hata hiyo fupi."

"Nikufunge ili mama yenu apoteze wawili?"

Mke wangu akageuka kurudi.

Aliporudi, mama mkwe alikuwa mlangoni. Hakumsalimia.

"Umemwona?"

Mke wangu akaweka mzigo chini. "Nimemwona, mama. Nimemzika."

"Ulimkuta ameelekea wapi?"

"Alikuwa anakuja nyumbani."

Mama mkwe akakaa chini palepale, akalia. Majirani wakasikia, wakaja. Msiba ukawa msiba. Jioni akakubali uji.

Mimi niliambiwa ukweli tukiwa wawili chumbani. Mama mkwe alikufa hajui. Mke wangu hakuingia tena msituni, na panga akampa jirani. Miaka ikapita, lakini mvua ikinyesha alikuwa anakaa mlangoni akitazama milimani, nami simsemeshi.

Mwezi uliopita nimemzika yeye. Nilimwona uso, nikatia udongo kwa mkono wangu. Watu wananiambia nishukuru, angalau najua alipolala.

Najua. Nakwenda kila siku.