Neno Nililolielewa kwa Daktari

Binti yetu alianza kucheza lakrosi kwa sababu ya basi. Asubuhi moja alichelewa kutoka kwenye fleti yetu ya mtaa wa Newburg, akakuta basi limeshaondoka kituoni. Akalifukuza, begi mgongoni, akalipata kwenye taa nyekundu ya pili. Mwalimu mmoja wa shule yake alikuwa ndani ya gari nyuma ya basi lile, akaona yote. Mchana alimtafuta darasani, akamwuliza kama angependa kujaribu mchezo ambao sisi nyumbani hatukuwa tumesikia hata jina lake.

Alikuwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa tumefika Louisville miaka mitano kabla ya hapo, kutoka kambi ya wakimbizi nchini Tanzania, na kabla ya kambi, kutoka milima ya Kivu Kusini. Kambini nilikuwa mwalimu wa Kiswahili. Hapa napanga masanduku ghalani, upande wa South End, na mke wangu anahudumia wazee wasiojiweza. Kiingereza changu ni cha ghalani: inua, sukuma, angalia, pumzika, rudi. Mambo mengine yote, barua za shule, simu za mwenye nyumba, daktari wa meno, yalipitia mdomoni mwa binti yetu. Alianza kututafsiria akiwa na miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyemwuliza kama anaweza.

Siku aliyoleta fomu ya mchezo nilikuwa nimetoka kazini, miguu imo ndani ya beseni la maji ya moto. Alikuwa na kurasa nne na kalamu.

"Papa, tia sahihi hapa, na hapa, na hapa chini."

"Bon, sawa, inasema nini?"

"Inasema unakubali nicheze."

"Kurasa zote nne zinasema hivyo tu?"

Akacheka. "Wamarekani wanapenda kuandika, Papa."

Nikatia sahihi. Tangu tulipotoka kwetu nilikuwa nimetia sahihi karatasi nyingi kuliko nilizowahi kusoma, na nyingi zilikuwa zimetufikisha mahali pazuri kuliko tulipotoka. Sikuwa na sababu ya kuiogopa hiyo moja.

Mchezo wenyewe niliujifunza nikiwa nimesimama kwenye uzio. Kila msichana ana fimbo yenye kikapu kidogo cha nyavu mwishoni. Humo hubebwa mpira mdogo wa raba, mgumu kama jiwe, na kwa fimbo hiyo hutupwa golini. Aliyenieleza kanuni ni mama mmoja Mkenya, muuguzi, aliyekuja kusoma zamani akabaki. Binti yake alikuwa kipa. Mimi nilimwita dada, naye aliposikia kwamba nilikuwa nafundisha, akaniita mwalimu. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo Marekani.

Kabla ya kila mechi mwamuzi alikagua fimbo moja moja, akawatazama wasichana masikioni na mdomoni. Hereni zilitolewa. Kinga ya meno lazima iwemo. Miwani ya waya lazima ivaliwe. Lakini kichwani hawakuvaa kitu, isipokuwa kipa peke yake.

Mke wangu alikuja mara ya kwanza akiwa bado na sare ya kazini. Alitazama uwanja wa pili, walikocheza wavulana, wote na kofia ngumu na mabega ya plastiki, kisha akatazama wetu.

"Kwa nini wale wana kofia na hawa hawana?"

Muuguzi akamwambia, "Kwa sababu wasichana hawaruhusiwi kugongana, mama. Fimbo ikikaribia tu kichwa cha mwenzio, ni kosa. Ikigusa, kadi ya njano."

"Na mpira nao umeambiwa hivyo?"

Muuguzi akacheka sana, nami nikacheka. Mke wangu hakucheka.

Binti yetu alikuwa mchezaji mzuri. Nasema hivyo si kwa sababu ni wangu. Wazazi wa timu nyingine walikuwa wanauliza ni nani yule. Mwaka wake wa pili wa kucheza, kocha wa chuo kimoja cha mji wa Buffalo alimwandikia. Alisema angekuja kumwangalia kwenye mashindano ya mjini Columbus, mwishoni mwa majira ya kuchipua, na kwamba kama ingekuwa kama alivyosikia, kulikuwa na nafasi ya kusoma huko. Binti alituonyesha Buffalo kwenye simu: theluji, ziwa, maktaba. Dada yangu mdogo anaishi Buffalo, kwa hiyo hata mke wangu alikubali kuota.

Wiki tatu kabla ya Columbus, kwenye mechi ya nyumbani, wasichana wawili waliinamia mpira mmoja uliokuwa chini. Fimbo ya mwenzake ilipanda ikamgonga juu ya sikio. Mwamuzi alipuliza filimbi papo hapo, akatoa kadi ya njano. Mhudumu wa afya wa timu, msichana mwenye begi jekundu, alimtoa nje, akampima macho, akamwambia ataje miezi kwa kurudi nyuma. Binti alikwama kwenye Septemba.

Hakurudi uwanjani siku ile. Ndivyo kanuni ilivyo: mwenye dalili za mtikisiko wa ubongo anatoka, na harudi mpaka daktari aandike. Mhudumu alinijia kwenye uzio, muuguzi akawa mkalimani. Tumwangalie, alisema. Kichwa kikimuuma, mwanga ukimsumbua, akisahau, akilala kupita kiasi, tuseme. Tusimwachie yeye mwenyewe aseme, maana wachezaji huficha.

Nilielewa kila neno. Niliambiwa kwa Kiswahili.

Nyumbani alifunga pazia la chumba chake mchana. Kanisani Jumapili alivaa miwani ya jua, akasema ni fasheni. Mara mbili nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa bafu, ameweka kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso.

"Kichwa?"

"Usingizi tu, Papa."

Mke wangu wakati ule alikuwa akifanya zamu mbili, akirudi tumelala. Mimi ndiye niliyekuwa naona.

Wiki moja baadaye nilimpeleka kliniki kutafuta barua ya daktari ya kumruhusu acheze. Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye mvi. Aliuliza kama nataka mkalimani wa simu. Nilijua aliuliza hivyo kwa sababu alionyesha simu. Binti akajibu kabla yangu kwamba hakuna haja, yeye atanitafsiria. Basi wakaanza. Daktari alimwuliza yeye kwanza, kisha akanigeukia mimi, akaniuliza swali, na ndani ya swali hilo mlikuwa na neno hedeki.

Hedeki, kuumwa kichwa, ni neno la ghalani. Kila mtu pale analijua. Ndilo unalomwambia msimamizi unapotaka kukaa dakika tano.

Binti akanigeukia. "Anauliza kama nyumbani ninakula vizuri."

Tukatazamana. Daktari alikuwa anangoja, kalamu mkononi. Nikasema, kwa Kiswahili, "Ndiyo. Vizuri." Binti akamgeukia akasema hapana, hajawahi kulalamika kichwa. Daktari akaandika.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikutaka kumwaibisha mtoto mbele ya mgeni, hilo lilikuwapo. Lakini si hilo. Ukweli ni kwamba tangu tukimbie, sisi tulikuwa watu wa kupangiwa. Tulipangiwa hema, tukapangiwa nchi, tukapangiwa mji, fleti, zamu. Hakuna aliyewahi kututazama katikati ya wengine akasema, huyu, nataka huyu. Sasa kulikuwa na mtu Buffalo aliyesema hivyo, na nilitaka aje amwone.

Shule haikuharakisha. Walimrudisha hatua kwa hatua, kama kanuni inavyotaka: siku moja kutembea, nyingine kukimbia, nyingine kurusha mpira bila kukabwa. Kila hatua walimwuliza, na kila hatua alisema yuko sawa. Walikuwa wanafuata kanuni vizuri kabisa, na kanuni ilikuwa imesimama juu ya jibu langu.

Tulikwenda Columbus kwa gari la muuguzi, mimi na mke wangu nyuma. Siku ilikuwa nzuri, jua bila joto. Kocha wa Buffalo alikuwepo, mwanamke mfupi mwenye daftari. Binti yetu alifunga bao moja, na la pili likagonga mwamba. Kisha alikimbilia mpira pembeni, akateleza, akaanguka chali, kisogo kikagusa nyasi za plastiki. Hakuna aliyemgusa. Mwamuzi hakupuliza filimbi kwa sababu halikuwa kosa. Niliwaona wazazi wengine wakipiga makofi kumtia moyo ainuke.

Akainuka. Akaokota fimbo, akatembea polepole kwenda kwenye benchi la timu pinzani, akaketi katikati yao. Wale wasichana walimtazama, kisha mmoja akaanza kumwita kocha wake kwa sauti. Alipojaribu kusimama tena, miguu haikumbeba.

Hospitalini walituletea mkalimani kwenye kioo cha tableti, mwanamke aliyezungumza Kiswahili kama walimu wenzangu wa Kitanzania kule kambini. Ilikuwa saa nane mchana. Binti alikuwa ndani akipigwa picha za kichwa. Daktari alitaka kujua kila kitu kuhusu pigo la kwanza.

"Daktari anauliza," mkalimani akasema, "baada ya pigo lile, je, alikuwa akiumwa kichwa nyumbani?"

Mke wangu alisema, "Hapana, tungejua."

Nikasema, "Alikuwa anaumwa. Kila siku. Nilijua."

Mkalimani aliniangalia kutoka kwenye kioo kile, mtu ambaye sitamwona tena, kisha akashusha macho akayasema maneno yangu kwa Kiingereza, kwa upole. Mke wangu aliinuka akaenda dirishani. Alisimama huko, mgongo kwetu, mpaka daktari alipomaliza maswali.

Jioni muuguzi alikuja na nakala ya ile fomu ya mchezo, niliyomwomba aiombe shuleni na kuichapisha. Alinisomea yote kwenye korido, kwa Kiswahili, kidole kikifuata mistari. Ukurasa wa tatu ulieleza mtikisiko wa ubongo, na hatari ya ubongo ambao haujapona kutikisika mara ya pili. Mstari wa mwisho ulisema mzazi anaahidi kutoa taarifa ya dalili zozote. Chini yake kulikuwa na jina langu, kwa mwandiko wa mwalimu, mzuri, ulionyooka.

"Hukujua, mwalimu," muuguzi akasema.

"Dada, ulinitafsiria mwenyewe pale kwenye uzio."

Akakunja karatasi.

Binti yetu hakufa. Watu kanisani walishukuru, nasi tulishukuru. Lakini aliyetoka hospitali hakuwa yule aliyelifukuza basi. Mwanga wa madukani ulimtapisha. Alisoma ukurasa mmoja akalala saa mbili. Alikasirika kwa vitu vidogo, kijiko kilichogonga sahani, kisha akalia kwa kuwa alikasirika. Kocha wa Buffalo alipiga simu mara moja, akasema maneno mazuri, na hakupiga tena. Mke wangu alizungumza nami kuhusu chakula, zamu na dawa. Mambo mengine tulipita pembeni yake. Alianza kwenda na binti kliniki mwenyewe, na kila mara aliomba mkalimani.

Mwaka uliofuata binti mwenyewe alisema anataka kwenda kwa shangazi yake. Huko Buffalo kulikuwa na daktari aliyesifiwa kwa magonjwa hayo, na dada yangu hana watoto, nyumba yake ni kimya. Nilikodi gari, tukaenda sisi wawili. Mke wangu aliaga mlangoni.

Tulipita Columbus bila kusimama. Binti alikuwa amevaa miwani ya jua na kofia. Baada ya muda mrefu aliuliza, kwa Kiswahili. Siku hizo alikuwa akinijibu zaidi kwa Kiingereza.

"Papa, siku ile kliniki, lile neno ulilielewa?"

"Nililielewa."

Akasema, "Nilijua umelielewa. Ndiyo maana nilikuangalia."

"Uliogopa nitasema."

"Hapana." Alitazama mashamba nje, meupe kwa theluji. "Nilikuwa nangoja useme. Mimi nisingeweza. Kocha, timu, wewe na Mama, Buffalo. Nilidhani nikidanganya mbele yako, utakataa. Wewe ni baba."

Niliwasha taa ya pembeni, nikasimamisha gari kwenye kituo cha mafuta, kwa sababu sikuona barabara vizuri. Nikamwomba msamaha. Nilimwomba kwa Kiswahili, halafu nikarudia kwa Kiingereza changu kibovu, nisije nikawa nimejificha ndani ya lugha yangu. Aliniwekea mkono begani, akasema, "Nimesikia, Papa." Hakusema amenisamehe, nami sikumdai aseme.

Ni mwaka wa pili sasa yuko Buffalo. Anasoma somo moja kwa muhula, lile analoliweza, na asubuhi tatu kwa wiki anamsaidia shangazi yake kwenye duka la vitambaa, nyuma, ambako taa si kali. Dada yangu anasema kuna siku nzuri. Kuna siku anaweka maharagwe jikoni akayasahau mpaka moshi utokee. Mwezi uliopita alinipigia simu mwenyewe, akataka kujua neno la Kiswahili la rangi fulani ya kitambaa, kati ya kijani na buluu. Nikamwambia sidhani tunalo. Akasema basi tutaendelea kuiita hivyo hivyo, ile ya katikati, akakata simu kwa sababu mteja alikuwa amefika.