Mtu Aliyesimama Ndani ya Lenzi

Siku ya kwanza alisimama pembeni kabisa, upande wa kulia wa chupa.

Siku ya pili alikuwa amesogea.

Siku ya tatu chupa sikuiona. Nilimwona yeye tu.

Ngojeni niwasimulie polepole, maana hata sasa nikikumbuka magoti yanagongana, na magoti yenyewe yana miaka sabini na moja.

Mimi ni mjane wa mpiga picha. Marehemu mume wangu alikuwa na studio ya mlango mmoja, pazia la bluu na kiti cha kuzunguka. Yeye alipiga, mimi nilipanga watu: inua kidevu, funga kifungo, acha kucheka kama umeletewa posa. Shule niliishia darasa la saba, lakini kamera niliisomea mle ndani miaka thelathini na miwili.

Marehemu alikuwa na sheria moja. Lenzi usiiamini mpaka uitazame kwa jicho lako. Unafumba la kushoto, unabandika la kulia kwenye kitundu cha kamera, unanyamaza.

Haya mambo ya siku hizi ya kuchungulia kioo cha nyuma, kwangu ni sawa na kuonja mchuzi kwa kutazama sufuria.

Sasa nina mjukuu, binti wa binti yangu. Ananiita mke mwenza, kwa sababu kwa utani wetu babu yake alikuwa mume wetu sote wawili. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo anapika yeye.

Huyu mke mwenza ana kazi ya kupiga picha za bidhaa. Viatu, sabuni, chupa za manukato, vitu vya watu wanaouza mtandaoni. Chumba nilichokuwa naweka magunia na ndoo kakigeuza studio. Meza kaisogeza dirishani, nyuma yake kakunja karatasi nyeupe ngumu, taa mbili kazifunika kitambaa chepesi, na kamera imesimama juu ya miguu yake mitatu.

Tatizo lilikuwa lenzi. Ile iliyokuja na kamera inanenepesha. Chupa nyembamba ikipita pale inatoka na kitambi. Lebo inapinda kama ulimi wa mbwa mwenye kiu.

Mama mmoja anayetengeneza mafuta ya ngozi alishaweka wazi.

"Nataka picha za chupa zote ishirini, Ijumaa. Herufi zinyooke. La sivyo kazi naipeleka kwingine."

Basi Jumatatu asubuhi tukaenda kwa Kipara.

Kipara anauza kamera na lenzi zilizotumika. Duka lake dogo, makabati ya vioo kila upande, na yeye mwenyewe kichwa kinang'aa kuliko bidhaa.

Mjukuu wangu akaenda moja kwa moja kwenye lenzi kubwa, mdomo mpana kama bakuli.

"Hii inaona mpaka gizani, mke mwenza."

"Giza la nini, na taa mbili unazo?" nikamuuliza. "Chupa zinakimbia? Kamera si imesimama kwenye miguu? Hiyo bei ni ya mtu anayepiga picha paka mweusi."

Kipara akacheka mpaka akashika kabati.

"Sikiliza bibi yako. Kwa vitu vya mezani unataka lenzi inayokaribia na isiyopinda mistari. Hayo mengine ni mbwembwe."

Akatutolea tatu za bei ya watu wa kawaida. Moja fupi ya plastiki, nyepesi kama kikombe cha mtoto. Moja ya kuvuta, inayosogeza cha mbali kikaja karibu. Na moja kuukuu, ya chuma, nzito, inazungushwa kwa mkono, lakini inasogea karibu na kitu mpaka unahesabu vumbi.

"Hii ya chuma ilikuwa ya nani?" nikauliza.

"Ya mpiga picha wa misiba, mama. Kashafariki."

"Alikufa kwa nini?" mjukuu akadakia.

"Kama wengine. Aliacha kupumua."

Wakacheka wote. Mimi nilicheka nusu.

"Chukueni zote tatu," Kipara akasema. "Kazijaribuni siku tatu, mnirudishie mbili."

Tukaacha kitambulisho cha mjukuu, tukaondoka.

Siku hiyohiyo, jua bado kali dirishani, tukafunga ile ya chuma. Nikafumba jicho la kushoto. Nikabandika la kulia.

Chupa ikaja, safi, nzuri, herufi zimesimama kama askari.

Na pembeni kulia, mtu.

Si mtu mwenye pua na mdomo. Kivuli. Cheusi, kirefu, bega limeinama kidogo, kama mtu aliyechungulia mlangoni akasita kuingia.

Nikatoa jicho. Mezani hakuna kitu. Chupa na karatasi nyeupe, basi.

Nikarudisha jicho. Yupo.

"Vipi, Bibi?"

"Lenzi ina uchafu," nikasema.

Mjukuu akapiga picha, akaitazama kwenye kioo cha nyuma. "Mbona safi kabisa?"

Nikaitazama na mimi, macho yote mawili. Safi.

Hapo ndipo mwili uliponisisimka. Maana uchafu wa lenzi ungeonekana na yeye. Huyu aliyesimama alikuwa amekuja kwangu peke yangu.

Nikajipa jibu: ni yule wa misiba. Anaitaka lenzi yake.

Jumanne nikasema ile ya chuma siigusi. Tukafunga ya plastiki. Haijapiga msiba wowote hiyo, haina hata uzito wa kubebea roho.

Nikabandika jicho.

Yupo! Tena kasogea. Bega lake limeshagusa chupa. Na kuna vitu kama masizi vinaelea mbele yake. Nikigeuza jicho navyo vinageuka, vinanifuata polepole, kama vina akili.

Halafu, pembeni, mwanga. Pwa!

Nikaruka.

"Umewasha flashi?"

"Flashi gani, Bibi? Nimeshika kitambaa."

Kweli. Mikono yake yote miwili ilikuwa inafuta chupa.

Jamani, mtu anasimama kizani ananipiga picha na flashi, na mimi nimeolewa na mpiga picha miaka thelathini na miwili. Mnafikiri nilimfikiria nani?

Nikatoka uani, nikasimama chini ya kamba ya nguo, nikamsemesha kwa sauti ndogo.

"Baba, kama ni wewe, ngoja kwanza. Nguo hazijakauka."

Pwa! Mwanga mwingine, palepale pembeni, mchana kweupe.

Nikajua ndiyo imefika. Nilijipigia hesabu ya kijinga kabisa: leo kagusa chupa, siku atakayoifunika yote, ndiyo siku yangu.

Mjukuu sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba babu yake anakuja, apike ubwabwa wa watu wengi? Nikajikaza kisabuni. Jioni nikamwonyesha ufunguo wa sanduku langu unapokaa, nikamwambia lile gauni la zambarau asimpe shangazi yake, halimtoshi na atalilazimisha.

"Bibi, unasafiri?"

"Napanga vitu tu."

Akanitazama. Alitaka kusema neno. Akalimeza.

Jumatano tukafunga ile ya kuvuta.

Nikabandika jicho.

Hakukuwa na chupa. Kulikuwa na weusi, kutoka kulia mpaka katikati na kupita, na juu kushoto kipande kidogo cha mwanga kama mlango uliobaki wazi kidogo. Alikuwa amefika. Amesimama usoni pangu.

Sikupiga kelele. Nilikojoa kidogo, na mwenye kucheka acheke, naye atazeeka.

"Lenzi zote mbovu!" nikamwambia mjukuu. "Kipara ni tapeli. Anauza vitu vya maiti!"

"Lakini Bibi, ile ya chuma picha zake ni nzuri sana, na Ijumaa ni keshokutwa..."

"Nimesema mbovu!"

Sijawahi kumfokea yule mtoto hivyo. Akainamisha kichwa, akaanza kupanga chupa upya.

Nikatia lenzi zote tatu na kamera kwenye kikapu, nikaenda kwa Kipara peke yangu. Ningekufa, sawa, lakini kwanza nimrudishie mzigo wake. Kama huyu mtu alitoka kwenye kabati lake, arudi kwenye kabati lake.

Dukani nikaweka kikapu mezani kwa kishindo.

"Mwanangu, umeniuzia mauti."

"Bado sijakuuzia kitu, mama," akasema. "Hata kitambulisho bado ninacho."

"Tazama mwenyewe. Kuna mtu humo!"

Akafunga ya chuma. Akatazama. Akafunga ya plastiki. Akatazama. Ya kuvuta. Akatazama. Hakuwa na haraka.

"Sioni mtu."

"Kwa sababu hakutaki wewe! Ananitaka mimi!"

Kipara hakucheka. Akaisogeza kamera kwangu, akanitazama ninavyobandika.

"Mama, unatazama kwa jicho gani?"

"La kulia. Jicho la kazi."

"Siku zote?"

"Tangu hujazaliwa."

"Hebu tumia la kushoto."

Nikaona ananichezea. Lakini nikafumba la kulia, nikabandika la kushoto.

Kabati la vioo, safi. Mistari imenyooka. Hakuna mtu.

Nikavuta pumzi. Nikasema alhamdulillah, kaondoka.

"Sasa achana na kamera," Kipara akasema, taratibu, kama mtu anayemsogelea ng'ombe mwenye hasira. "Funika hilo la kushoto kwa kiganja. Nitazame mimi."

Nikafunika.

Kipara alikuwa hana uso. Paji la uso lilikuwepo, sikio moja lilikuwepo, lakini pua, mdomo, kidevu, vyote vilikuwa vimeliwa na ule weusi. Na pembeni, pwa!

Jamani, woga niliokuwa nao siku tatu ulikuwa mchezo. Mtu akiwa kwenye lenzi, unavua lenzi. Mtu akiwa chumbani, unatoka chumbani. Huyu alikuwa ndani yangu. Ningemkimbia niende wapi?

"Mwanangu," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "nakufa?"

"Hufi. Lakini tunafunga duka sasa hivi."

Akafunga kweli, na mteja amesimama mlangoni anauliza betri. Njiani kwenda hospitali akampigia simu mjukuu wangu.

Daktari wa macho alikuwa binti mdogo, viatu vya raba, hana muda wa salamu ndefu. Akanitia matone, akanimulika, akanyamaza. Kunyamaza kwa daktari kunatisha kuliko kivuli chochote.

"Bibi, ndani ya jicho, nyuma kabisa, kuna utando laini unaopokea picha. Wako umechanika, unabanduka kama karatasi ya ukutani. Zile taa ulizoziona ni huo utando unavutwa. Ule weusi ni sehemu iliyokwisha kuachia."

Nikafikiri kidogo.

"Kwa hiyo lenzi ni nzima, filamu ndiyo imechomoka?"

Akaacha kuandika, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Hivyohivyo. Na haikubaki sehemu kubwa. Ungekaa mpaka wiki ijayo, tungekuwa tunazungumza habari ya jicho moja."

Wakanipasua kesho yake. Halafu, sikilizeni adhabu hii: siku saba nilale kifudifudi, uso chini, ili kipovu cha hewa walichonitia kiukandamize ule utando. Siku saba natazama vigae vya sakafu. Navijua vigae vile kwa majina.

Siku ya pili ya kulala hivyo, mjukuu akaja, akalala chali sakafuni, akaingiza kichwa chini ya uso wangu uliochungulia ukingoni mwa kitanda ili tuonane.

"Picha za mafuta zimepita," akasema. "Nimetumia ile ya chuma. Kipara katuachia."

"Vizuri, mke mwenza."

Akabaki palepale, analia, machozi yanamwingia sikioni.

"Bibi, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mwezi mzima sasa. Ukipanga chupa, unaziacha upande. Ya kulia ulikuwa unaisahau kila ukipanga huku unachungulia kamera. Nilikuwa nangoja utoke, halafu nainyoosha."

"Mwezi mzima? Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kwamba umezeeka? Wewe ndiye uliyenifundisha. Niliona ni kukuvunjia heshima."

Basi hapo ndipo nilipoogopa mara ya mwisho, na ndiyo iliyonitisha kuliko zote. Yule mtu hakuwa amekuja kwa siku tatu. Alikuwa nyumbani kwetu mwezi mzima, anakula na sisi. Mimi nilimficha kwa sababu ya woga, mjukuu wangu akamficha kwa sababu ya adabu. Kila mmoja alikuwa anamfungia mwenzake mlango, na yeye katikati anajinafasi.

"Siku nyingine," nikamwambia, "nivunjie heshima mapema."

Leo jicho la kulia linaona kama dirisha lililonyeshewa. Si zuri, lakini uso wa mtu naupata, hata wa Kipara, ingawa huo nisingeukosa sana.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisahau kumtaja anayemfichia mwenziwe.

Kwa hiyo wewe unayesoma, funika jicho moja, tazama mlango wa chumba ulichomo. Sasa badilisha. Ukiona pembe nne mara zote mbili, endelea na mambo yako na uniombee. Ukikosa hata pembe moja, acha kusoma hadithi za mabibi. Vaa viatu, toka mbio.

Na kama ni bibi yako aliyekosa pembe, mwambie leo. Atakufokea. Mwache afoke, huku unamtafutia viatu vyake.