Mita Mia Moja na Kanga ya Mama Mkwe

Chekeni kabisa sasa hivi tumalizane, maana aibu hii nimeibeba peke yangu vya kutosha: mimi Somoe, muuza korosho za kukaanga pale stendi, ndiye yule mwanamke aliyeogelea mashindano ya mkoa huku amejifunga kanga kiunoni, na kanga yenyewe wala haikuwa yangu, ilikuwa ya mama mkwe.

Yote yalianzia sokoni, kwenye mitumba, ambako nilikuta vazi la kuogelea la heshima zake, mikono mirefu, suruali mpaka vifundoni, na muuzaji akataja bei ambayo nadhani aliiota. Nikambana kidogo tu, akasema, "Chukua dada, nenda, umeshinda." Niliondoka nimevimba kichwa, wala sikujiuliza kwa nini amekubali haraka vile (mimi, ninayehesabu chenji mara mbili hata nikirudishiwa na shehe!), na asubuhi ya mashindano, nilipochuchumaa uani kwetu Rahaleo kupasha miguu, mshono wa nyuma ukaachia, prrr, palepale mnapopafikiria.

Fundi cherehani yupo jirani, ila nilijua angeniona nina haraka, na mtu mwenye haraka hana bei. Basi nikachukua mfuko mmoja wa kitambaa ninaofungia korosho, nikakata kiraka, nikashona kwa mkono, na ili kisionekane nikajifunga kanga ya kwanza niliyoikuta kwenye kamba. Nitaivua nikifika majini, nikajiambia. Uamuzi mdogo tu, jamani.

Na siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Mshindi wa mita mia kwa wanawake, mtindo wa chura, ndiye angekwenda Dar kwenye mashindano ya taifa, na mume wangu akiwa na zamu bandarini, mwanangu Zuhura angebaki na bibi yake. Bibi yake alishatamka: "Nitakuja nione kwa macho yangu. Ukishinda, mtoto nitakaa naye. Ukituaibisha, hilo vazi ulirudishe ulikolitoa na kuogelea kuishe." Nanyi mnajua mtumba haurudishwi.

Mashindano yalikuwa Msimbati, kule Mnazi Bay, maji yamejaa, majukwaa mawili ya mbao yanaelea juu ya mapipa, katikati kamba za kutenganisha njia. Unakwenda, unagusa jukwaa la pili, unarudi. Na kugusa ni kwa mikono miwili kwa pamoja. Ukigusa kwa mkono mmoja umetolewa, hata uwe wa kwanza.

Njia ya pembeni yangu alikuwa Neema, mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Mwanza, aliyekulia ziwani na hakubali tusahau. Akanitazama kiunoni.

"Mama Zuhura, leo umekuja kuogelea au kufua?"

"Tangulia, mwalimu. Nitakukuta."

Nikavuta fundo. Likakataa. Lilikuwa limelowa mawimbi yaliyorukia jukwaa, limekuwa jiwe. Nikalibembeleza, nikalitukana kimoyomoyo, na bado nahangaika nalo refa akapiga filimbi. Wenzangu wakaruka. Nikaruka na kanga.

Sasa, mtindo wa chura nguvu yake iko miguuni, na mimi siku zote nilipiga kama chura kweli, magoti kila moja na mkoa wake, mpaka Kocha Nandonde akakaukiwa sauti: "Magoti yakae karibu, mama! Nyayo ndizo zitoke nje, zichape!" Nilikuwa namwona anabana matumizi. Lakini kanga ilinibana mapaja, magoti hayakuwa na pa kwenda, nikachapa nyayo peke yake kwa sababu ndizo zilizobaki huru, halafu nikajinyoosha kama ubao, na maji, wallahi, yakanipisha! Nikachapa tena. Yakanipisha tena.

Neema alikuwa mbele, anavuta haraka haraka, povu tupu. Nikahesabu mikono yake, nikarudia kuhesabu: akivuta mitatu mimi navuta miwili, na haniachi. Nikasema moyoni, huyu analipa bei ya kwanza iliyotajwa. Mwache, ataishiwa.

Nikagusa jukwaa la pili kwa mikono miwili, nikajisukuma kwa miguu, na hapo lile fundo lililonikatalia likaamua kukubali. Kanga ikaanza kuteleza. Narudi naisikia inashuka kidogo kidogo, Neema kachoka, namfikia, tuko bega kwa bega, kanga iko magotini, na mbele yangu, juu ya jukwaa, mama mkwe kasimama. Nikiishika kwa mkono mmoja, nitagusa kwa mkono mmoja. Kanga au Dar?

Nikaiachia.

Paa! Mikono miwili, kichwa kimoja mbele ya Neema. Nikakwea jukwaani kwa furaha nikiwageuzia mgongo watu wote wa Msimbati, na mzee mmoja mwenye macho mazuri akasoma kiraka kwa sauti: "Korosho safi, daraja la kwanza!"

Ufukwe wote ukapokea. "Daraja la kwanza! Daraja la kwanza!"

Neema akamwambia refa, "Lakini alivaa kanga." Refa akamjibu, "Na wewe unataka tukufunge mrudie?" Neema akatazama maji, akacheka mpaka akakaa chini, akanipa mkono.

Mama mkwe hakucheka. Alirudi ufukweni, akaingia majini na baibui lake mpaka magotini, akaiokota kanga iliyoletwa na mawimbi, akaikamua, akanifuata akanizungushia, akafunga fundo mwenyewe.

"Hii si kanga yangu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Dar utakwenda na yako. Yangu haitoki tena."

Ilinichukua muda kuelewa alichokisema. Nilipoelewa nililia, nikasingizia chumvi.

Vazi nimelipeleka kwa fundi, nimelipa alichotaja (baada ya kukohoa kidogo tu). Na nimeapa: kwenye mashindano, kanga sitaivaa tena mpaka nazikwa. Mazoezini ni habari nyingine. Kocha siku hizi anatufunga kanga mapajani wanawake wote, Neema akiwemo, ila mafundo hafungi yeye. Anafunga mama mkwe, na la kwake halifunguki mpaka aseme.