Kunoa Mbao za Theluji

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya baiskeli hapa Durban niliianza kwa kunoa. Kabla ya hapo nilikuwa nachunga magari ya watu South Beach, kazi ya kusimama juani ukingoja mtu akukumbuke. Mimi, fundi baiskeli niliyekuwa na jina kule Uvira, Kongo! Meneja wa karakana moja ya mtaa wa Point, mama mrefu asiyejua kungoja, aliniona nikinyoosha rimu ya mpita njia, akanipa jaribio: safari moja ya mlimani. Ikienda vizuri, nina kazi. Ikiharibika, narudi parking. Mke wangu alifunga na kuomba.

Safari zenyewe niwaeleze, maana vijana wengi mnadhani nawapiga fiksi. Mwezi wa kumi theluji ya mwisho bado iko huko juu milima ya Drakensberg, lakini barabara ya chini ni tope tupu, gari halipiti. Basi watu wanapanda kwa baiskeli, ubao wa kutelezea umefungwa kwenye fremu. Ubao huo unagawanyika katikati. Theluji inapoanza unaacha baiskeli, unavaa kipande kimoja kila mguu, chini yake unabandika kitambaa chenye manyoya kinachozuia kurudi nyuma, unapanda mdogo mdogo. Kileleni unaunga vipande, unashuka ukiteleza. Watu wana mambo.

Siku ile meneja alinitumia ujumbe: "Boards sharp?"

Bon, mimi mgeni, nilijua sharp ni makali. Nikatoa tupa, nikanoa kingo za chuma za kila ubao wa karakana mpaka jioni. Nikamjibu: sharp sana.

Kesho yake mlimani, meneja alipoutenganisha ubao wake, glovu ikachanika. Akanigeukia.

"Baba, nani amegeuza hii kuwa kisu?"

"Mimi, Mama. Si uliniagiza?"

"Eish. Sharp ya huku ni sawa; nilikuuliza tu kama ziko tayari."

Mteja wetu, daktari aliyekuja na ubao wake mwenyewe na hakutaka mtu auguse, alicheka mbavu hana. Mimi sikucheka. Niliwaza parking. Wakapanda, nikabaki na baiskeli, roho juu.

Majira yale theluji huyeyuka mchana na kuganda usiku, kwa hiyo asubuhi ilikuwa ngumu kama kigae. Nikawaona wakishuka. Ubao wa daktari haukushika popote, akaja kwa makalio mpaka kwenye tope, mzima, heshima tu ndiyo iliyoumia. Meneja alishuka, kingo zake kali zikiuma barafu, akikata kona taratibu, kushoto, kulia, akasimama mbele yangu akihema.

"Jumatatu asubuhi njoo karakana," akasema. "Na tupa yako."

"Ninoe na wa daktari?"

"Noa zote."

Nikajifanya nakagua mnyororo, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Baadaye nilifanya kazi chini ya mameneja wengine, mmoja mpole, mmoja wa kelele, mpaka mwaka 2015 magoti yalipokataa. Parking sikurudi. Nyinyi vijana mnakuja kwangu mkisema mnaogopa kutafuta kazi, eti Kiingereza hamjui, Kizulu ndiyo kabisa. Nawaambia: lugha ya watu mtaikosea tu. Basi ikoseeni mkiwa kazini.