Mbio za Kuzunguka Ziwa

Mwanzoni mwa miaka ya themanini kijiji chetu kiliandaa mbio za kuzunguka ziwa. Wageni wa wilayani walisifia mandhari. Mimi nilitazama njia tu, kwa sababu nilikuwa naongoza wanawake wote. Nyuma yangu wifi yangu alihema kama ng'ombe anayepandishwa mlima.

Tulipokaribia uwanja wa shule, baba mkwe akatoka migombani na kusimama katikati ya njia. Kwetu mkaza mwana hampiti mkwe bila kupiga magoti. Nikapiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaulizia migomba, kahawa, kisha mbuzi, mmoja mmoja. Binti yake akapita mbio bila hata kumtazama. Mzee akatabasamu. "Haya mwanangu, kimbia, utachelewa."

Wifi akazawadiwa blanketi. Kesho yake nikamkuta mzee amejifunika.

Miaka miwili baadaye kifua kilimbana mzee. Mume wangu akaniambia, "Kimbilia zahanati ukamwite mganga, wewe ndiye mwenye mbio."

Nilikwenda. Njiani nilikutana na wazee saba. Kila mmoja nilimpigia magoti, nikamuulizia mbuzi wake, mmoja mmoja.